Kabla ya Debe la Kwanza

Anayenunua mashine ya kusaga nafaka Dar es Salaam huwa na haraka, na haraka yake ina sababu. Kikoba kinadai marejesho, au kiinua mgongo kinapungua kila siku, na banda limeshaezekwa Chamazi, Charambe, Bunju au Mabwepande huku majirani wakiuliza lini mnaanza. Asubuhi lori linashusha mashine, mchana fundi anaunga umeme, na kabla ya magharibi mama wa nyumba ya tatu ameshafika na ndoo yake ya mahindi. Unga unatoka wa kijivu. Anaambiwa ndivyo mashine mpya ilivyo, kesho utakaa sawa. Anaondoka nao, na usiku uleule watoto wake wanasongewa ugali wa unga huo.

Kijivu kile ni vumbi la chuma, rangi, masizi ya kuchomelea na mafuta ya kuzuia kutu. Mashine mpya ni chafu kuliko ile iliyosaga mwaka mzima, kwa sababu iliyosaga mwaka mzima imeshajisugua kwenye unga wa watu. Swali ni nani ale uchafu ule. Jibu langu ni kwamba asile mtu yeyote, na ndiyo sababu makala haya yanahusu siku chache tu, zile za tangu lori kuondoka hadi debe la kwanza la mteja kumiminwa.

Kuna wakati mwenye nyumba mjini hakuhitaji kuyajua haya. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 viwanda vikubwa vya kusaga vilitaifishwa, likaja shirika la National Milling, na sembe ikawa inanunuliwa dukani. Ruzuku ya sembe ilipoondolewa mwaka 1984 na biashara ya nafaka ikaanza kufunguliwa, kazi ya kusaga ilizidi kuhamia mitaani, kwenye mabanda yaliyojengwa pembeni ya nyumba za watu. Ilipohama, usafi na usalama wa unga vilihamia mikononi mwa mwenye banda. Leo mikono hiyo ni yako.

Anza na sakafu, kwa sababu zege halikubali kuharakishwa. Sehemu kubwa ya Mbagala na Kigamboni ina udongo wa kichanga, na mashine ya mota ya farasi 20 inayotetemeka juu ya mchanga hushuka upande mmoja taratibu mpaka mkanda unaanza kuruka. Chimba hadi upate udongo ulioshikamana, shindilia, weka nondo, mwaga zege la uwiano wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, lenye kina kisichopungua sentimita 30. Boliti za kushikia mashine zipangwe kwa kutumia fremu yenyewe kama kielelezo kabla zege halijakauka, siyo kutobolewa baadaye. Limwagilie maji siku saba. Zege hupimwa nguvu yake kamili likiwa na siku 28. Ukishindwa kungoja zote, ngoja walau wiki mbili, na siku hizo ndizo utakazozitumia kusafisha. Unyanyue msingi juu ya sakafu ya banda kwa kiasi cha tofali moja, maana masika yanapoanza Machi maji ya mtaani huingia mahali ambapo hukutegemea. Chini ya fremu weka vipande vya mpira mnene. Vinapunguza mtetemo, na jirani mwenye mtoto mchanga atakushukuru.

Sasa usafi. Mashine zetu zina asili mbili. Nyingi zinaundwa hapahapa, Gerezani na kwenye eneo la SIDO Vingunguti, kwa bati nene na chuma cha kona kilichokatwa, kuchomelewa, kupigwa grenda na kupakwa rangi. Uzuri wake ni kwamba fundi aliyeiunda yuko safari ya daladala moja na vipuri havikosekani. Kasoro yake ni vitone vya chuma vilivyorukia ndani wakati wa kuchomelea, magamba yaliyojificha kwenye kona, unga wa grenda, na rangi iliyopulizwa mpaka ndani ambako haikutakiwa. Nyingine zinakuja kwenye makasha ya mbao kutoka India au China, zimepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu baharini, na vyuma vyake vya kusubu mara nyingine bado vina mchanga wa kalibu.

Kabla hujafungua kitu, piga picha kwa simu kila upande: nyundo zinazoponda nafaka zimepangwaje kwenye pini zake, washa gani iko wapi, chekeche limekaa upande gani. Kisha fungua kila kinachofunguka. Toa chekeche, vuta pini, shusha nyundo, ng'oa hopa, tenganisha bomba linalopeleka unga juu kwenye saikloni, pipa linalotenganisha unga na hewa. Tandika turubai na upange vyuma kwa mpangilio uleule ulivyovitoa. Beringi zifunike kwa plastiki na kamba, kwa maana maji na mchanga vikiingia humo umeshaanza kuzihesabia siku.

Nje ya mashine, mafuta mazito yanatoka kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Ndani, kule ambako nafaka na unga vitapita, usitie mafuta ya taa hata kidogo. Harufu yake hunasa kwenye mishono ya kuchomelea na utaisikia kwenye uji. Petroli usiisogeze karibu na banda kabisa, ndani wala nje. Ndani tumia maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, urudie mpaka kitambaa cheupe kikitoka kinabaki cheupe. Vitone vya kuchomelea vibandue kwa patasi, kona zipige brashi ya waya, kisha vaa glovu upitishe kidole mahali pote ambapo jicho halifiki. Rangi iliyoko kwenye njia ya unga iondoe yote mpaka uone chuma. Wengi wanasita hapa kwa kuona wanaharibu mashine mpya. Mahindi yataibandua rangi hiyo kwa vyovyote, tena ndani ya wiki za mwanzo, na baadhi ya rangi za vyuma zina madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Bomba na saikloni ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote. Fundi aliyevichomelea hakuweza kuingiza mkono ndani, kwa hiyo magamba yote yako humo. Funga furushi la matambara kwenye kamba, livute kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, ugonge bomba kwa nyundo ya mpira, uvute tena. Utashangaa kinachotoka.

Halafu kausha papo hapo. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu na chumvi, na chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja asubuhi kimeshapata rangi ya machungwa. Kitambaa kikavu, jua la saa moja au mbili, na baada ya hapo mpako mwembamba wa mafuta ya kupikia, wa kung'arisha tu. Ukiyapaka mengi yatachacha na kushika unga.

Wakati vyuma vinakauka, chukua nyundo na mzani wa kidijitali wa jikoni. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua mashine itadumu kiasi gani. Pima kila nyundo, andika uzito wake kwa chaki, kisha zipange ili jumla ya nyundo za pini moja ilingane na jumla ya pini inayotazamana nayo, tofauti isizidi gramu mbili au tatu. Hesabu yake ni hii. Rota, yaani shafti na nyundo zake, ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, tofauti ya gramu 10 tu iliyo sentimita 20 kutoka katikati inaivuta shafti kwa nguvu ya karibu kilo 19, na mvuto huo unageuka upande mara 48 kila sekunde. Hicho ndicho kinacholegeza nati, kinachopasua zege na kinachokula beringi mpaka chembe zake zinaishia kwenye unga. Ukishazirudisha nyundo, zungusha rota kwa mkono mzunguko mzima. Kati ya ncha ya nyundo na chekeche iachwe nafasi ya kama milimita 8 hadi 12, na pasisikike kitu kikigusa kitu.

Chekeche la unga wa ugali lina matundu ya kama milimita moja au pungufu kidogo. La paraza lina matundu makubwa zaidi. Liweke lilale sawasawa kwenye kikalio chake, maana upenyo wa kando unapitisha punje zilizopasuka na mteja atakurudishia unga.

Puli zinataka uzi na hesabu ndogo. Mota ya kawaida ya mizunguko 1,450, ikiwa na puli ya inchi 10 na mashine ikiwa na puli ya inchi 5, inaipa rota mizunguko 2,900. Fundi anayekuambia badili puli uongeze kasi upate unga laini, mwulize kwanza aliyeunda mashine alikusudia kasi gani. Nyundo iliyozidishiwa kasi inaweza kung'oka, na bati la mashine halikutengenezwa kuzuia risasi. Uzi uvutwe ukipita kwenye nyuso za puli zote mbili. Uguse pande zote bila mwanga kupenya. Mkanda ukaze kiasi kwamba ukiubonyeza katikati unashuka kama milimita 16 kwa kila mita moja kati ya puli na puli. Uliokazwa kupita hapo unaua beringi, uliolegea unateleza na kuungua.

Kuhusu umeme nitakuwa mkali. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo kijana aliyefunga taa za nyumba yako vizuri. Mota ya farasi 20 inakula kama kilowati 15, yaani uniti 15 za Luku kwa kila saa ya kazi kamili, na kwenye umeme wa fezi tatu wa volti 400 inavuta karibu ampia 30, zikipanda mara kadhaa wakati wa kuwashwa. Ndiyo sababu inahitaji stata ya kuiwasha kwa hatua, nyaya za shaba zenye unene uliopigiwa hesabu, na waya wa ardhini wenye fimbo yake iliyozama kwenye udongo wenye unyevu. Omba pia kifaa cha kuzima mota fezi moja inapokatika au volti inaposhuka. Jioni, majiko na feni za mtaa mzima zinapowashwa, umeme wa pembezoni hupungua. Mota inayolazimishwa kubeba mzigo uleule kwa volti ndogo huvuta ampia zaidi, hupata joto, huungua. Kuisuka upya kunagharimu zaidi ya kifaa hicho.

Mara ya kwanza washa mota ikiwa mkanda haujafungwa. Itazame inazunguka upande gani. Kama ni kinyume cha mshale uliochorwa kwenye mashine, fundi atabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu na mwelekeo utageuka. Ikikaa sawa, funga mkanda, iache izunguke tupu nusu saa. Weka kiganja kwenye nyumba ya beringi: joto la kuvumilika ni sawa, la kukufanya uondoe mkono mara moja ni dalili ya grisi iliyojazwa kupita kiasi au shafti iliyopinda. Grisi haitakiwi kujaa. Theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi inatosha.

Kinachofuata ni kusaga pumba. Nunua salfeti mbili tatu za pumba kavu kutoka kwa msagaji mwenzako na uzipitishe zote, ukianza kidogo kidogo, ukiangalia ampia zisipite zile zilizoandikwa kwenye bamba la mota. Pumba husugua chuma na kubeba mabaki ya grisi na vumbi. Baada yake pitisha mahindi masafi kiasi cha debe. Chote kilichotoka kizike au kipeleke dampo. Najua bei ya chakula cha kuku ilivyo na najua jirani atakuomba. Usimpe, kwa sababu chuma na rangi havipotei vikipita kwenye kuku.

Kisha pima. Chukua sumaku kubwa, ile ya spika kuukuu inafaa sana, itie kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, ichovye na kuizungusha ndani ya unga wa debe lile. Itoe taratibu utazame. Ukiona nywele nyeusi zimesimama kwenye plastiki, mashine bado haijawa tayari. Rudia pumba, rudia mahindi. Siku mfuko utakapotoka na unga mweupe peke yake, mfungulie mlango mteja. Sumaku nyingine ifunge kwenye njia ya hopa, ifunikwe kwa bati jembamba la stenlesi ili isipasuke, na ifutwe kila asubuhi. Inanasa misumari, nati na vipande vya waya vinavyokuja na magunia. Mawe haiyanasi, kwa hiyo chekecheo la mkono liwepo mlangoni na litumike hata foleni ikiwa ndefu.

Mkanda na puli vizungushie kinga ya wavu wa chuma kabla ya siku ya kwanza. Wateja wako wengi ni kina mama na watoto waliotumwa. Kanga, mtandio, baibui, ncha yoyote ya kitambaa ikiguswa na mkanda unaokimbia inavutwa pamoja na mwenye kuivaa kabla hajapata sauti ya kupiga kelele. Chora mstari sakafuni, weka kizuizi cha mbao, na swichi ya kuzima iwe mahali unapoifikia bila kuuvuka mkanda.

Vumbi la unga nalo si la kuachwa likatanda kwenye mapao. Linaziba mapafu ya msagaji, na likitawanyika hewani kwa wingi hulipuka kwa cheche moja. Tarehe 2 Mei 1878 kinu kikubwa cha ngano cha Washburn kule Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa sababu hiyo, watu 18 wakafa. Banda lako ni dogo, lakini vumbi ni lilelile. Madirisha mapana, mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri kwenye saikloni, barakoa kwa msagaji, kufagia kila jioni, na asichomelee mtu chuma wala kuvuta sigara humo ndani.

Yapo mambo mawili ya kuyaamua mapema ukayabandika ukutani, kwa sababu ukingoja mpaka mteja awe amesimama mbele yako utaona aibu kumkatalia. La kwanza ni chakula cha kuku. Pembezoni mwa jiji kila nyumba ya pili ina banda la kuku, na wafugaji watakuletea dagaa, mashudu, chokaa na mahindi vichanganywe. Kama unataka kazi hiyo, na ni kazi yenye fedha, nunua mashine ya pili. Mashine iliyosaga dagaa asubuhi haifai kusaga uji wa lishe wa mtoto mchana, hata ukiifagia namna gani. Kwa mashine ya watu, panga siku yako hivi: mchele, ulezi na uji wa lishe alfajiri mashine ikiwa safi kabisa, mahindi baadaye, makopa ya muhogo mwishoni. Karanga zina mafuta yanayoziba chekeche, kwa hiyo ziingie zikiwa zimechanganywa na nafaka kavu, si peke yake.

La pili ni mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yao, na mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kusaga hakuiondoi, kupika hakuiondoi, na mashine iliyosaga gunia bovu huacha sehemu yake kwenye kona kwa anayefuata. Mahindi yanayonuka ukungu au yenye punje za kijani na nyeusi, yakatae kwa upole na umweleze mama sababu. Yanayoonekana mabichi yapime kwa chumvi: tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu inayoonyesha ndani, tikisa, uache dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yana maji mengi mno, yarudi juani. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Makaratasi yana njia yake na sitakaa nayo sana: namba ya mlipa kodi kutoka TRA, leseni ya biashara kutoka manispaa, vipimo vya afya vya wanaogusa chakula, na TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla mashine haijanguruma, ukubaliane na majirani saa za kazi.

Mkanda mpya hunyooka ndani ya siku mbili tatu za kazi, kwa hiyo ukaze tena mwishoni mwa siku ya kwanza, na tena baada ya wiki. Nati zote za fremu na za beringi zipitie kwa spana jioni ya siku ya kwanza, ya pili na ya saba. Chora alama ya rangi ikivuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, na alama ikiachana utajua imelegea bila hata kuigusa. Nyundo zinapoanza kuisha kona moja zigeuze upande, zote kwa pamoja, na uzipime upya. Usibadili moja peke yake. Seti ya pili ya nyundo na chekeche la akiba vinunue sasa hivi, fedha ikiwa bado ipo, uvitundike ukutani vikiwa vimepakwa mafuta na kuviringishiwa gazeti.